Hati Mkononi Haitoshi: Niliyojifunza Nikifanya Uwakili Malindi

Ukifungua ofisi ya uwakili Malindi, hata kama chuoni ulijikita kwenye sheria ya kodi au ya bahari, ardhi itakufuata mlangoni. Mama anakuja kwa habari ya talaka, ukimsikiliza vizuri unakuta kiini cha ugomvi ni shamba la kijijini Ganda. Kijana aliyegongwa na pikipiki anamaliza maneno ya bima, na kabla hajainuka anauliza: "Wakili, na mtu akiuza shamba la babu bila sisi kujua, sheria yasemaje?" Nimeifanya kazi hii hapa mjini, na Lamu kila kesi inaponiita huko, kwa muda wa kutosha kuona jinsi ilivyogeuka. Zamani ubishi mkubwa ulikuwa nani ana hati. Sasa swali ni hati hiyo ilitoka wapi, na wakili asiyeweza kulijibu anamtia mteja wake hasarani.

Swali hilo lina uzito wake hapa Pwani, na uzito huo ulianza 1908. Mwaka huo serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya ukanda wa maili kumi uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Kila mwenye madai alitakiwa ayapeleke kwa afisa wa usajili, na ardhi ambayo hakuna aliyejitokeza kuidai ikahesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Waliokuwa karibu na mji, waliopata habari, waliokuwa na nyaraka za kadhi, waliandikishwa. Wagiriama na Wamijikenda wengine waliokuwa wakilima na kuzika humo humo, wengi wao hawakuandikwa popote. Mnamo 1914 serikali hiyo hiyo ikawa inawafukuza Wagiriama kaskazini ya mto Sabaki, na ni katika mapambano ya miaka hiyo Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama aliyewaongoza watu wake, alipopata jina. Uhuru ulipofika 1963, makubaliano ya kuuingiza ukanda huo ndani ya Kenya yaliahidi kwamba hati zilizokuwepo zitaheshimiwa. Sheria ya 1908 ilifutwa 2012 tu, lakini vitabu vyake ndivyo tunavyovifukua hadi leo.

Kwa hiyo mteja wangu wa kawaida ni mmoja wa watu wawili. Wa kwanza yuko shambani tangu azaliwe na hana karatasi. Wa pili ana karatasi, na pengine hajawahi kulala hata usiku mmoja kwenye shamba hilo. Nimewawakilisha wote, katika kesi mbalimbali, na sijaona sababu ya kumdharau yeyote kati yao. Aliyerithi hati kwa babu yake hakuitunga yeye sheria ya 1908.

Kwa yule wa kwanza, mlango mkuu uliobaki ni wa miaka 12. Sheria yetu ya ukomo wa muda wa kushtaki inasema mwenye ardhi asipomwondoa mvamizi kwa miaka 12, haki yake ya kuidai inakufa, na aliyekaa anaweza kuiomba korti imwandikishe yeye. Wenye hati walijaribu kuufunga mlango huo baada ya Katiba ya 2010, wakisema unapora mali ambayo Katiba inailinda. Kesi ya Mtana Lewa dhidi ya Kahindi Ngala Mwagandi ilifika Mahakama ya Rufaa ikiketi hapa hapa Malindi, na mwaka 2015 majaji wakakataa hoja hiyo. Mlango ukabaki wazi. Lakini wazi kisheria ni kitu kimoja, na mtu wa Kakuyuni au Marafa kuupita ni kitu kingine.

Nitaeleza kesi moja, na nitaficha majina. Korti ilikubali kwenda kuona shamba. Tukafika asubuhi, jaji, karani, askari, wakili wa upande wa pili na mimi, tukamkuta bibi mmoja mzee akitungoja chini ya mwembe, amevaa leso mpya. Hakuleta hata karatasi moja. Alituchukua akatutembeza. Akatuonyesha mwembe uliopandwa na baba mkwe wake, shimo la maji lililochimbwa wakati wa njaa, minazi ambayo ngazi za mgema zimekanyagwa hadi zimekuwa laini. Kisha akatupeleka makaburini. Matatu yalikuwa na saruji na tarehe. Mengine yalikuwa mawe tu na vigingi vya koma, vya kuwakumbuka wafu, vilivyoliwa na mchwa, na kila kimoja alikitajia jina, na jina la mama wa marehemu. Karani aliandika kila kitu. Nilimwangalia jaji akipima kwa macho umri wa ile minazi.

Wakili mwenzangu hakuuliza habari za minazi. Aliuliza swali moja: "Bibi, nani aliwapa ruhusa ya kukaa hapa?" Ni swali la adabu kabisa, na ndilo linaloua kesi nyingi za aina hii, maana aliyekaa kwa ruhusa ya mwenyewe hahesabiwi miaka, hata akae 60. Bibi alimtazama akamjibu: "Ruhusa? Nilipoolewa niliwakuta wakwe zangu hapa, na wao waliwakuta wazee wao. Tumwombe nani?" Kesi ikabaki imara pale.

Wengine hawajibu hivyo. Mzee mkweli, aliyefundishwa kwao kumsifu aliyemtendea wema, atakwambia: "Mwenye shamba alikuwa mtu mwema, alituachia tulime, nasi kila msimu tulimpelekea nazi na mahindi." Amesema kweli, na kwa kweli hiyo amepoteza shamba. Siwezi kumfundisha aseme uongo, wala sitamfundisha. Ninachoweza ni kumuuliza swali hilo ofisini, mapema, tukiwa wawili, kabla hajatumia hela ya mbuzi wake kufungua kesi. Jibu likiwa la ruhusa, namwambia twende kwa mwenye hati tuzungumze bei, au tutafute mradi wa serikali wa kuwapa watu makazi, au tukae na wazee. Ndivyo ilivyo pia kwa watu wa nyumba bila ardhi, desturi ya miji yetu ya Pwani ambapo kuta ni zako na udongo ni wa mwingine. Ukishalipa kodi ya kiwanja, hata shilingi chache, risiti hizo zinasema unamtambua mwenyewe. Nimewaona watu wakileta risiti za miaka mingi kwa fahari, wakidhani ndizo zitakazowapa kiwanja.

Hata kesi nzuri inahitaji karatasi. Kanuni zinataka ombi la miaka 12 liambatanishwe na nakala ya rejista ya ardhi iliyothibitishwa, inayoonyesha nani ameandikishwa. Bila hiyo, ombi halina miguu. Sasa fikiria mtu ambaye hajui namba ya kiwanja anachokikalia. Anajua kinaitwa shamba la fulani, jina la marehemu aliyekufa zamani. Tunaanza kwa mpima ardhi, atutafutie namba kwenye ramani. Namba ikipatikana tunakwenda masjala ya ardhi. Ikiwa hati ni ya zile za zamani huenda ikatubidi twende Mombasa, na huko tunaambiwa faili halionekani, rudini wiki ijayo. Wiki ijayo karani aliyelijua faili hilo yuko likizo. Kila safari ni nauli, na mteja ndiye anayelipa. Nimejifunza kuandika barua, kugongesha muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu, na kutunza kila muhuri, kwa sababu baadaye itabidi nimwonyeshe jaji kwamba ucheleweshaji haukutoka kwangu.

Na kuna kikwazo cha mirathi, ambacho kinaangusha kesi nyingi kuliko watu wanavyodhani. Ardhi iko kwa jina la babu, babu alifariki, mtoto anafungua kesi kwa jina lake mwenyewe akiamini kwamba damu inatosha. Haitoshi. Anayedai mali ya marehemu lazima kwanza apewe na korti mamlaka ya kusimamia mirathi, hata kama ni ya kuendeshea kesi hiyo tu. Asipoyapata, kesi ni batili tangu siku ilipofunguliwa, na wakili wa upande wa pili akiwa mjanja atanyamaza hadi miaka ipite ndipo aseme. Kwa Waislamu mambo ya urithi yanaweza kwenda kwa kadhi, na Malindi na Lamu tuna bahati ya kuwa na korti hizo karibu. Lakini Katiba inamtaka kadhi asikilize pale tu pande zote ni Waislamu na zimekubali. Ndugu mmoja akikataa, au ikiwa aliyenunua sehemu ya nyumba si Mwislamu, shauri linatoka huko. Nimeona familia za Lamu zikizunguka hivyo na nyumba moja ya mawe hadi paa likaporomoka wakiwa bado wanabishana ni korti gani.

Mteja wa pili, yule mwenye hati, alikuwa akija ofisini kifua mbele. Hati ni hati. Ukimfanyia utafutaji rasmi, masjala ikathibitisha jina lake, hakuna deni wala zuio, kazi yako ilikuwa imekwisha. Aprili 2023 Mahakama ya Juu ikatoa hukumu katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kiwanja kilikuwa cha ufukweni, Nyali, na mgao wa kwanza, yaani serikali kukitoa kwa mtu binafsi, ulikwenda 1989 kwa Daniel arap Moi, rais wa wakati huo. Kikauzwa, kikapita mikono, mnunuzi wa mwisho akasema yeye alinunua kwa nia njema, na rejista ilikuwa safi. Majaji wakasema ikiwa mgao wa kwanza haukufuata sheria, hakuna haki iliyozaliwa pale, na kisichozaliwa hakiwezi kuuzwa. Nia njema ya aliyenunua baadaye haikumwokoa. Mwaka huo huo, katika kesi ya Torino Enterprises, mahakama hiyo ikasema barua ya mgao peke yake haimpi mtu umiliki.

Kwa ukanda wetu wa fukwe, hukumu hizo zilitikisa kila kabati la mafaili. Nenda uhesabu viwanja vya kutoka Mida hadi Mambrui: vingi vilianza na barua ya mgao ya serikali miaka ya themanini na tisini, na karibu na Watamu kesi za Chembe Kibabamshe zimejaza korti yetu, watu wawili, watatu, wakigombania sehemu ile ile kila mmoja na hati yake. Mimi naona Mahakama ya Juu ilisema sawa. Njia za wavuvi kushukia baharini ziliuzwa, na waliouza walijua. Lakini mzigo wa kurekebisha dhuluma za ofisi za serikali umewekwa mgongoni kwa mnunuzi na wakili wake, huku ofisi zile zile zilizotoa hati hizo zikiendelea kutuuzia utafutaji rasmi ambao mahakama imesema hautoshi.

Mara moja alikuja mnunuzi kutoka bara, kiwanja cha ufukweni, bei nzuri, muuzaji ana haraka. Utafutaji rasmi ulikuwa safi. Nikamwomba anipe muda nione ramani ya upimaji, barua ya kwanza ya mgao na mpango wa eneo. Ramani ya zamani ilionyesha njia ya umma ikipita katikati ya kile kiwanja hadi maji yanapofika. Ramani mpya haikuwa nayo, na hakuna aliyeweza kunionyesha notisi ya kuifunga. Nikamshauri asilipe. Alinishukuru, akalipa ada yangu ya ushauri, na baadaye nikasikia amenunua kwa wakili mwingine aliyemaliza kazi upesi. Hili ni gumu kwetu: uangalifu unakula muda, muda unakula hela, na mteja anaona uangalifu kama uzembe.

Ada zenyewe zina kiwango kilichowekwa kisheria, na kushusha chini yake ili kumnyang'anya mwenzako mteja ni kosa. Kila mtu anajua, na kila mtu anajua linavyovunjwa. Zaidi ya hapo tunashindana na watu wasio mawakili kabisa. Mabroka wa viwanja wanaandika mikataba ya mauzo nyuma ya duka la fotokopi, shahidi ni mwenyekiti wa kijiji, muhuri ni wa kukodisha. Sheria inakataza mtu asiye na sifa kuandaa hati hizo kwa malipo. Oktoba 2023 nchi nzima ilishtuka kusikia kijana anadaiwa kufanya kazi ya uwakili kwa kutumia utambulisho wa wakili halisi. Mawakili wengi walihoji alipitaje. Mimi sikushangaa sana. Ni wateja wangapi waliowahi kuniuliza cheti changu cha mwaka huu? Cheti cha kufanyia kazi kinakwisha kila Desemba 31, na jina la kila wakili linaweza kuangaliwa kwenye tovuti ya Chama cha Wanasheria cha Kenya kwa simu, bure. Mteja akifika ofisini sasa, kabla sijamuuliza habari zake, namwonyesha mimi mwenyewe jinsi ya kuniangalia.

Wageni ni sura nyingine ya Malindi. Waitaliano wamekaa nasi muda mrefu, wengine wamezaa na kuzeekea hapa. Kifungu cha 65 cha Katiba kinasema asiye raia atamiliki kwa upangaji tu, usiozidi miaka 99, na kampuni inahesabiwa ya raia pale tu inapokuwa mali ya raia wote, asilimia mia. Kwa hiyo kila mwaka nabishiwa hodi na mtu anayetaka nyumba iandikwe kwa jina la mwenyeji, mpenzi au mlinzi wa geti, huku karatasi ya siri ikisema mwenyewe ni mwingine. Nakataa. Katiba imeuona mtego huo na haiulindi, na siku mapenzi yakiisha, anayeumia ni yule mwenye pesa au yule mwenye jina, na wakili aliyeandika karatasi ya siri ataitwa na wote wawili.

Pesa zenyewe sasa zina maswali yake. Tangu marekebisho ya karibuni ya sheria kuhusu utakatishaji wa fedha, wakili anayeshughulikia mauzo ya ardhi au kushika fedha za mteja anatakiwa ajue zilikotoka, atunze kumbukumbu, na aripoti shaka. Februari 2024 Kenya ikawekwa kwenye orodha ya kijivu, ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, ya FATF, shirika la kimataifa linalopambana na utakatishaji huo, na shinikizo likazidi. Wakati huo huo sheria ya ushahidi inanikataza kutoa siri ambayo mteja ameniambia kama wakili wake. Mstari uko wapi kati ya hayo mawili, tunautafuta kila mmoja peke yake kwenye meza yake. Mimi nimeamua hivi: naeleza mapema, kabla mteja hajaanza kusimulia, kwamba nikishika fedha zake nitauliza. Wengine huondoka hapo hapo. Waende salama.

Watu wa nje ya taaluma hawajui pia jinsi jambo dogo kama kuchagua korti linavyoweza kumaliza kesi, na Malindi ina historia yake katika hilo. Watu watatu waliohukumiwa kwa wizi wa mabavu walikata rufaa Mahakama Kuu ya hapa, na mmoja wa majaji wawili waliowasikiliza alikuwa jaji wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kesi hiyo, ya Karisa Chengo, ilipanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2017 ilisema majaji hao wana hadhi sawa lakini mamlaka tofauti, na wa ardhi hawezi kuamua jinai. Kabla ya hapo, mawakili wa Malindi kupitia chama chao walikuwa wamepinga sheria iliyowapa mahakimu uwezo wa kusikiliza kesi za ardhi. Wakashinda 2016, na Oktoba 2017 Mahakama ya Rufaa ikapindua. Leo hakimu mkuu anasikiliza ardhi isiyozidi thamani ya milioni 20, na walio chini yake viwango vinashuka hadi milioni 5. Nilikuwa upande wa waliotaka majaji maalum tu, na sasa nimebadilika kidogo. Hakimu wa Lamu yuko Lamu. Kwa mtu wa Faza au Kizingitini, huko visiwani, hilo si jambo dogo.

Safari ya Lamu kikazi si ya kitalii. Basi linatoka Malindi, Garsen, Witu, hadi Mokowe, kisha mashua hadi Amu, yaani mji wa Lamu, na kipande cha Garsen hadi Lamu kimeona mashambulizi ya barabarani kiasi kwamba kila safari mke wangu anataka simu nikifika. Kesi za mtandaoni zilipoanza wakati wa korona 2020, niliona kama faraja. Machi 2024 uwasilishaji wa hati kwa mtandao ukasambazwa korti za nchi nzima. Naweza kufungua kesi usiku wa manane, kulipa ada kwa simu, hata kumpelekea mshtakiwa hati kwa ujumbe wa simu, maana kanuni zinaruhusu. Nisiwe mwizi wa fadhila, imetupunguzia mengi.

Lakini mzee wa Pate hana simu ya kuonyesha uso wake. Anakuja kwa binamu yake Amu, wanakaa kwenye baraza lenye kelele, mtandao unakatika katikati ya ushahidi, na jaji hana budi kusema tutaendelea siku nyingine. Siku nyingine ni miezi. Shahidi akizeeka, kumbukumbu inapungua, na katika kesi za ardhi ushahidi wote umo kichwani mwa wazee. Ndiyo maana siku hizi nikipata mteja mwenye kesi ya ardhi, kitu cha kwanza ni kuandika taarifa za wazee wake wote, na ikiwezekana kuiomba korti iwasikilize mapema kabla ya wengine.

Hukumu nayo si mwisho. Wavuvi wa Lamu walikwenda kortini 2012 kuhusu bandari mpya, na mwaka 2018 majaji wakasema mradi ulianza bila kuwashirikisha wananchi ipasavyo, wakaamuru walipwe shilingi bilioni 1.76, wavuvi wapatao 4,600. Serikali ikakata rufaa, kisha yakaja mazungumzo, kisha makubaliano ya kugawa malipo kati ya fedha taslimu na vifaa vya uvuvi, na miaka ikapita. Hata bila rufaa, sheria hairuhusu dalali wa korti kukamata gari la serikali au la kaunti. Unapata cheti cha deni, unampelekea mhasibu, anakaa nacho, unarudi kortini kuomba alazimishwe, na kadhalika. Namweleza mteja hayo siku ya kwanza. Wapo wanaokata tamaa nikisema, na wapo wanaonishukuru.

Kwa mawakili vijana wanaoingia sasa, ongezeko jipya ni programu za akili mnemba. Zinaandika hoja tamu, na zinataja kesi ambazo hazikuwahi kuwepo. New York, mwaka 2023, mawakili walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka kortini maamuzi ya namna hiyo. Ninaowafundisha ofisini wana sharti moja: hakuna kesi inayoingia kwenye hoja zetu kabla hawajaifungua na kuisoma yote kwenye maktaba ya Kenya Law, ambayo ni bure.

Kinachonikera zaidi ya yote hayo ni hili. Katiba imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi, lakini sheria ya mwenendo wa kesi za madai bado inasema lugha ya Mahakama Kuu na ya Rufaa ni Kiingereza. Yule bibi wa makaburini alitoa ushahidi kwa Kigiriama, karani akautoa kwa Kiswahili, jaji akauandika kwa Kiingereza, na hukumu iliyompa shamba lake ilisomwa kwa lugha ambayo hakuielewa hata sentensi moja. Nilimgeukia nikamwambia, "Bibi, umepata." Akauliza, "Nimepata nini hasa? Yote, au kipande?" Ilikuwa ekari zote isipokuwa sehemu ya barabara, na ilibidi nikae naye kwenye benchi la nje hadi adhuhuri nikimfasiria ukurasa kwa ukurasa, pamoja na kumweleza kwamba bado kuna mpima ardhi wa kulipwa, ada za usajili na foleni ya masjala kabla jina lake halijaandikwa. Mimi na wenzangu wachache tumeanza kuandaa muhtasari wa Kiswahili wa kila hukumu ya ardhi tunayoipokea, kurasa mbili, tunampa mteja siku ile ile bila malipo. Tumeiomba korti itusaidie kwa kusoma angalau amri za mwisho kwa Kiswahili pale wahusika wanapohudhuria. Majaji wengine wamekubali, na wanafanya hivyo. Tunataka iwe kanuni.